KUNGUNI NA PAPASI SIYO KITU KIMOJA

Ndugu wanachama, kila kinachotuwasha asubuhi tunasingizia kunguni. Siyo sawa. Kunguni hukaa kwenye godoro na mianya ya kitanda. Anawasha, lakini haleti homa. Osha kwa sabuni, usijikune, kitanda kimwagie maji yanayochemka. Dawa ya shamba usipulize kitandani, jamani, ni sumu.

Papasi hukaa kwenye vumbi la sakafu na nyufa za tembe. Mwaka 1905 Robert Koch alikuta vijidudu vya homa ndani ya papasi wa nchi hii hii. Homa hiyo inapoa, kisha inarudi; wajawazito na watoto ndio huumia zaidi. Ikipoa tusiridhike, twende zahanati tupimwe damu.

Maoni yetu: nyumba zenye nyufa tuzikandike kwa zamu, kama tunavyopaliliana mashamba.