Fungu Dogo, Swali Dogo

Kuna jamaa yangu, daktari kijana wa masikio, pua na koo, anaomba vijisenti vya utafiti wa aleji. Fomu zinafungwa Ijumaa, naye anataka kupima chafya za nchi nzima! Nikamwambia, kaka, utakosa.

Mcheki Charles Blackley, daktari wa Manchester, Uingereza. Swali lake moja tu: mafua haya yanayonijia kila kiangazi yanaletwa na nini? Akajipima pua mwenyewe, akarusha tiara zenye vioo vya kunata. Kitabu chake cha 1873 kikamtaja mchawi: chavua, ule unga wa maua ya nyasi.

Basi nawe unayeomba, andika swali moja, bajeti inayolingana nalo, na usisahau kibali cha maadili. Wenye pesa wanataka kazi itakayokwisha. Haya, tukutane wiki ijayo!