Waliofikiwa si Waliokingwa

Ripoti za miradi ya kinga ya afya vijijini hufanana kama mapacha. Watu elfu kadhaa "wamefikiwa", wahudumu wa afya ngazi ya jamii wamepewa mafunzo, semina zimefanyika kata kwa kata, na picha ya mgeni rasmi akigawa fulana haikosekani. Kisha linakuja hitimisho: jamii imeelimika, mradi umefaulu. Umefaulu kwa kipimo gani? Karatasi ya mahudhurio inathibitisha kwamba watu waliketi vitini, na pengine kwamba posho ililipwa. Kuhusu ugonjwa haisemi lolote.

Nyuma ya ripoti hizo kuna imani kongwe: mtu akijua atabadilika, na akibadilika hataugua. Imani hiyo ilitiwa kwenye mizani mkoani Mwanza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa MEMA kwa Vijana ulipeleka katika maeneo 10 ya vijijini masomo ya afya ya uzazi kwa darasa la tano hadi la saba, ukawafunza watumishi wa zahanati kuwahudumia vijana bila kuwafokea, na ukawatumia vijana wenyewe kusambaza kondomu. Maeneo mengine 10 yaliachwa kwa ajili ya kulinganisha. Kura ndiyo iliyoamua yapi yapate mradi na yapi yasipate.

Kwa maswali na majibu, mradi ulishinda: vijana wake walijua mengi kuliko wenzao. Damu ilisema mengine. Uchunguzi wa 2007 na 2008, uliofikia vijana zaidi ya 13,000, ulikuta ujuzi ule bado upo, lakini maambukizi ya VVU na ya virusi vya malengelenge ya sehemu za siri hayakupungua kuliko kule ambako mradi haukufika. Sifa ziwaendee watafiti wale: waliyachapisha matokeo hayo bila kuyaremba. Ni mashirika mangapi yangethubutu?

Bila maabara, leo tungekuwa tunasimulia ushindi. Tungetegemea dodoso, na dodoso lina ila zake. Huko huko Mwanza, miongoni mwa vijana waliosema hawajawahi kujamiiana, wamo waliokutwa na mimba au magonjwa ya zinaa. Siwalaumu. Binti aulizwe jambo hilo na mgeni mwenye kalamu mkononi, ajibu nini?

Watetezi wa semina watasema kinga haipimiki, kwa kuwa huwezi kumhesabu mtoto ambaye hakuugua. Ni kweli kwamba ni kazi ngumu. Asembo, magharibi mwa Kenya, majaribio ya vyandarua vyenye dawa yalionyesha kwamba hata watoto wa kaya zisizo na chandarua, zilizokuwa ndani ya mita 300 kutoka kaya zenye vyandarua, walinufaika, maana mbu wenyewe walikuwa wakifa. Anayelinganisha jirani na jirani pale angesema vyandarua vina faida ndogo, na angekosea vibaya. Kumbe upimaji wa ovyo husifu mradi dhaifu na pia huua mradi mzuri. Ugumu huo ndio sababu ya kupanga kipimo mapema. Haumpi mtu ruhusa ya kukimbilia kuhesabu fulana.

Wala si lazima kila mradi uwe na maabara kama ule wa Mwanza. Fedha hazitoshi kata zote kwa mwaka mmoja, hilo kila mhasibu analijua. Basi pigeni kura, kata zipi zianze na zipi zisubiri. Chukueni takwimu za kuhara au malaria kwenye rejesta za zahanati za pande zote mbili, tangu kabla ya uzinduzi, na mwendelee kuzichukua hata mfadhili akishaondoka. Rejesta zina mapengo, ndiyo, lakini zinaandika wagonjwa.

Nanyi madiwani, mkiletewa ripoti yenye idadi ya waliofikiwa peke yake, msiipigie makofi. Irudisheni.