Amefunga Mabao Mawili Huku Anakula Karanga

KONA YA KIBENDERA
Na Mzee Kibendera

Jumapili iliyopita pale Nyakahanga nilikaa jirani na mfungaji wa mabao mawili. Alikuwa chini ya mkaratusi, kavaa kandambili, anatafuna karanga. Kila nyavu zilipotikisika, jina lake lilitangazwa kwenye kipaza sauti. Miguu iliyofunga ilikuwa ya bwana mmoja mwenye ndevu, aliyeshushwa na bodaboda ya kutoka Omurushaka filimbi ikikaribia kupulizwa, viatu kavitundika shingoni.

Nikamuuliza kijana, wewe si ndiye namba tisa?

"Shikamoo, mzee. Ndiyo mimi. Kocha kasema leo nimwazime mwenzangu jina."

Waitu! Kijana kafanya mazoezi msimu mzima, leo kaachiwa karanga.

Kanuni za mashindano hazina utata: mchezaji awe mkazi wa kata, aje na kitambulisho au barua ya mtendaji wa kijiji. Nikaenda mezani kuona ulinzi wa kanuni hiyo. Nilikuta daftari la shule lenye majina na namba za jezi, na rundo la fotokopi za vitambulisho. Ya namba tisa ilikuwa imetolewa fotokopi juu ya fotokopi, sura imekuwa nyeusi tii. Hata mimi na mvi zangu ningeingia kwa karatasi ile.

Wasomaji wangu wa zamani mnajua nilivyoapa, baada ya ile offside ya Kayanga, kutogombana tena na mtu mwenye filimbi. Mratibu wa mashindano hana filimbi. Nikamfuata. Akanijibu kwa upole: "Mzee wangu, usituharibie burudani. Mbona waliofungwa hawajalalamika?"

Wangelalamikaje? Kipa wao naye alikuwa akiitwa jina lake, hageuki mpaka aguswe bega. Hapo ndipo penye ugonjwa. Mamluki haishi kwa ujanja wake, anaishi kwa sababu kila timu ina wa kwake, na mwenye mamluki hakati rufaa.

Na rufaa yenyewe ikikatwa baada ya mechi ni vurugu tupu. Mwaka 2017 Kagera Sugar waliifunga Simba Kaitaba, Simba wakalalamikia kadi za njano za beki mmoja, wakapewa pointi tatu mezani, kisha wakanyang'anywa. Hiyo ni Ligi Kuu, yenye kamati na makabrasha. Sisi wa daftari tutaweza?

Kazi ifanyike kabla ya mpira kuwekwa kati. Kitambulisho halisi, si fotokopi. Wachezaji wapange mstari, manahodha wote wawili watazame sura moja moja. Yakiwa mashindano ya vijana, tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hazihitaji mtaalamu. Asiye na kitambulisho aje na mwenyekiti wa kitongoji, amtaje mbele ya watu. Dakika kumi zinatosha, na sisi hatujawahi kuanza mechi kwa wakati.

Nasikia nimeshaitwa mkorofi. Sawa. Mwaka 2005 vijana wetu wa Serengeti Boys waliondolewa kwenye fainali za Afrika za Gambia kwa kuchezesha aliyezidi umri, tukanuna. Safari ya fainali za 2017, Congo Brazzaville waliwatoa vijana wetu uwanjani, TFF ikakata rufaa, CAF ikamtaka mchezaji wao mmoja akapimwe umri kwa MRI. Hakutokea. Congo wakaondolewa, sisi tukapanda ndege kwenda Gabon. Siku ile Nyakahanga nzima ilishangilia, na sikumsikia hata mmoja akisema TFF imeharibu burudani.

Kumbe ukaguzi ni mtamu ukimkuta Mkongo.