Mgeni Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wako walimu na makarani ambao, wakisikia mtu akisema "magitaa", humcheka. Husema neno limeharibika, kwa kuwa Waingereza husema "guitars". Na mtoto akisema "piano mbili", humwambia ya kwamba Kiswahili hakijui wingi. Maneno hayo sisi hatuyakubali, nasi twayajibu.

Kwanza na tuwaulize: hao Waingereza wenyewe walifanyaje? Neno piano ni kifupi cha pianoforte, neno la Kiitalia. Waitalia wakitaja nyingi husema pianoforti. Mwingereza hakuwafuata, alitia s yake mwishoni, akasema "pianos". Na cello, ambayo Mwitalia huifanya celli, Mwingereza mara nyingi huiita "cellos". Wala hakuna amwambiaye kwamba ameharibu.

Tena, litazameni neno marimba. Lilitoka huku kwetu Afrika, katika lugha za Kibantu, na hiyo ma- ya mbele ni alama ya wingi, kama katika mazeze na matoazi. Waingereza walilichukua pamoja na wingi wake, wakaliita jina la chombo kimoja. Na vikiwa viwili, wakaongeza s, "marimbas". Huo ni wingi juu ya wingi, kama mtu aliyevaa kofia mbili! Je, ni nani kati yetu aliyewacheka?

Nao wasemao Kiswahili hakijui wingi hawasikilizi. Twasema, "Piano hii imevunjika," na tena, "Piano hizi zimevunjika." Jina halikubadilika, lakini sentensi nzima imehesabu.

Hatusemi Kiingereza kipuuzwe. Katika somo la Kiingereza, mtoto na aandike "pianos" bila kuweka e kabla ya s, ajapoiona e hiyo katika "potatoes". Lakini katika somo la Kiswahili na aseme vinanda, vinubi, matarumbeta na magitaa, asione haya. Maana mtoto achekwaye hunyamaza, naye anyamazaye hajifunzi lugha yo yote. Hurudi kwao akidhani usemi wa mama yake hauna sheria.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi neno geni likiisha kukaa nyumbani mwetu, na lilime pamoja nasi, kwa desturi ya nyumba. Waingereza wamefanya hivyo kwao; kwa nini kwetu iwe kosa?