Alikula unga wa kambi, akanyimwa kitambulisho

Ndugu zangu wa Kakamega na Mumias, wewe ulipofika miaka 18 ulienda kwa chifu na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, ukawekwa alama za vidole, ukangoja. Basi.

Sasa muulize kijana wa Garissa. Mkenya, wazazi Wakenya. Lakini wakati wa ukame mamake alimpeleka Dadaab, kambi iliyofunguliwa 1991, akaandikishwa mkimbizi ili wapate unga. Alikuwa mtoto tu! Leo akiweka kidole kwa mashine, inasoma: mkimbizi. Kitambulisho hapati. M-Pesa kwa jina lake hana, kazi ya kuandikwa asahau, kura ndio kabisa.

Mtasema serikali lazima ichuje, kuna wageni wanaojificha. Sawa, ichuje. Mbona ilishachuja? Mwaka 2019 ilikagua watu Garissa, ikakubali zaidi ya 14,000 ni Wakenya. Na bado wengi wao walikaa miaka wakizungushwa ofisi hadi ofisi. Huo si usalama, ni dharau.

Katiba kifungu cha 12 inampa kila raia haki ya pasipoti na hati za utambulisho. Haijaandika "isipokuwa aliyewahi kushiba kambini."

Tunataka majina yao yatolewe kwa rejista ya wakimbizi, na kila mmoja apewe tarehe ya kuchukua kadi. Mbunge wako akija harambee wikendi hii, muulize amesema nini juu ya hili bungeni. Halafu utuandikie hapa alivyojibu.