Korea Kusini: Mtoto anapoutaja mwili wa mwalimu mgeni, nani anamjibu?

Mwalimu mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza katika darasa la shule ya msingi nchini Korea Kusini huwa amejiandaa kwa mambo mengi: masomo ya wiki nzima, majina ya wanafunzi, hata namna ya kuinamisha kichwa anaposalimu. Wengi hawajajiandaa kukaguliwa. Kabla salamu hazijaisha, mwanafunzi mmoja amekwisha kutangaza kwamba pua ya mwalimu ni ndefu. Mwingine anauliza kwa nini mikono yake ina vinyweleo vingi. Wa tatu anamwambia kuwa amenenepa tangu wiki iliyopita. Walimu wenye ngozi nyeusi wamesimulia kuguswa nywele bila kuombwa ruhusa, na kuulizwa kama rangi yao hutoka wanapooga.

Simulizi za namna hii zimekuwepo kwa miaka mingi. Programu ya serikali ya EPIK, inayoajiri wageni kufundisha Kiingereza katika shule za umma, ilianza mwaka 1995, miaka minane baada ya Japani kuanzisha programu yake ya JET. Tangu hapo, mjadala kuhusu ndimi za wanafunzi umekuwa ukiishia katika moja ya hukumu mbili. Wapo wanaosema kwamba watoto wa Korea hawana adabu. Wapo wanaojibu kwamba huo ni utamaduni tu, na mgeni hana budi kuuzoea.

Hukumu zote mbili hazitoshi. Zinamtazama mtoto aliyesema na mgeni aliyeumia, zikiwasahau wengine waliomo darasani: mtu mzima mwenye mamlaka ya kulijibu neno hilo, na wanafunzi wengine wanaosubiri kuona litajibiwaje.

Heshima inayopotea katika lugha ya pili

Katika Kikorea, heshima hubebwa na sarufi yenyewe. Mwanafunzi hamwiti mwalimu kwa jina. Humwita seonsaengnim, neno ambalo mwishoni mwake mna kiambishi cha kumtukuza mtu, na vitenzi anavyotamka humalizikia kwa sauti zinazoonyesha kwamba anazungumza na mkubwa wake. Kwa hiyo mtoto anaposema kwa lugha yake kuwa mwalimu anaonekana amechoka, sentensi nzima imevikwa adabu, na mara nyingi ndani yake mna kujali: je, mwalimu amelala vizuri? Je, anaumwa?

Mtoto huyohuyo akilazimika kulisema jambo hilo kwa Kiingereza, lugha ambayo bado anaihesabu maneno yake vidoleni, vazi lote la adabu huvuka. Kinachobaki ni maneno mawili: "Mwalimu, mnene." Mgeni anasikia tusi, ilhali mtoto anaamini amezungumza kama anavyozungumza na walimu wake wote.

Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kulielewa hili. Mtoto anayesema, "Shikamoo mjomba, umenenepa!" hajamvunjia mtu heshima, na wajomba wengi hulipokea neno hilo kama habari njema ya afya. Ondoa shikamoo, ondoa na mjomba, kisha kitafsiri kilichobaki kwa mtu aliyekulia mahali ambapo uzito wa mwili hautajwi hadharani, na ugomvi uko tayari. Watoto wa Mombasa na Mwanza wanaomwita mpita njia "Mzungu!" nao mara nyingi wanadhani wanamsalimu.

Zipo pia sifa zinazogeuka mafumbo zinapovuka mpaka wa lugha. Kumwambia mtu kuwa uso wake ni mdogo ni kumsifu nchini Korea, na pua iliyoinuka huhesabiwa kuwa uzuri. Mgeni asiyejua hilo atarudi nyumbani akijitazama kwenye kioo kwa wasiwasi.

Maelezo haya ni ya kweli, lakini yana mpaka. Yanaeleza kwa nini neno limetoka bila vazi la heshima. Hayaelezi kwa nini, miongoni mwa mambo yote ambayo mtoto angeweza kuyaona kwa mgeni aliyetoka mbali, la kwanza kutajwa ni uso na umbo.

Nchi inayopima sura

Wakorea wenyewe wana neno la kueleza hali hiyo: oemojisangjuui, yaani mwelekeo wa kuiweka sura juu ya vigezo vingine vyote. Mtaa wa Gangnam jijini Seoul unajulikana duniani kwa kliniki za upasuaji wa urembo. Upasuaji wa kutengeneza mkunjo wa kope umekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba wapo wazazi wanaowalipia mabinti zao kama zawadi ya kumaliza sekondari.

Katika ajira, kwa miaka mingi mwombaji wa kazi alitakiwa kubandika picha kwenye fomu, na baadhi ya waajiri waliuliza hata urefu na uzito. Bunge lililiona tatizo hilo. Tangu Julai 2019, sheria ya uajiri wa haki inawakataza waajiri wenye wafanyakazi 30 au zaidi kuuliza sura, urefu, uzito, mahali mtu alikotoka au hali yake ya ndoa, iwapo mambo hayo hayahusiani na kazi. Anayekiuka anaweza kutozwa hadi won milioni 5. Hata hivyo, picha ya utambulisho bado inaruhusiwa, na taasisi nyingi binafsi za masomo ya ziada, ziitwazo hagwon, ni ndogo mno kufikiwa na sheria hiyo.

Mwalimu mgeni anaingia nchini kupitia mlango huohuo. Kwa kawaida ombi lake la kazi huambatana na picha, na walimu weusi pamoja na wenye asili ya Asia wamelalamika kwa miaka mingi kwamba picha hiyo ndiyo iliyowafungia mlango. Kwa hiyo mwalimu amekwisha kupimwa kwa sura kabla mtoto hajamwona. Mtoto anatamka kwa sauti kipimo ambacho watu wazima walikitumia kimyakimya. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na methali hiyo humrudia mlezi kabla ya kumfikia mtoto.

Walimu wazawa nao wamefikwa

Lingekuwa kosa kudhani kwamba jambo hili linawahusu wageni peke yao. Mwishoni mwa mwaka 2022, katika mji wa Sejong, ilibainika kwamba mwanafunzi wa sekondari aliandika maneno ya udhalilishaji wa kijinsia kuhusu miili ya walimu wake wa kike. Aliyaandika katika tathmini ya kila mwaka, ambayo iliwaruhusu wanafunzi kutoa maoni bila kujulikana. Hasira za walimu zilikuwa kubwa, na mwaka uliofuata wizara ya elimu iliisimamisha tathmini hiyo.

Julai 2023, kifo cha mwalimu kijana katika shule ya msingi ya wilaya ya Seocho, jijini Seoul, kiliwatoa barabarani maelfu kwa maelfu ya walimu. Walilalamika kwamba kumkanya mwanafunzi kumekuwa hatari, kwa kuwa mzazi anaweza kumshtaki mwalimu kwa madai ya kumtesa mtoto kisaikolojia. Septemba mwaka huo bunge lilipitisha marekebisho ya sheria yanayoeleza kuwa malezi halali ya darasani hayahesabiwi kuwa unyanyasaji.

Matukio hayo yanasaidia kuchora mstari ambao mara nyingi hufifishwa. Mtoto wa miaka minane anayeshangaa vinyweleo hajafanya sawa na kijana wa miaka 17 anayeudhalilisha mwili wa mwalimu wake. Wa kwanza anahitaji kufundishwa. Wa pili anahitaji kuwajibishwa. Shule inayocheka yote mawili, au inayoyaadhibu yote mawili kwa adhabu moja, haijamsaidia yeyote kati yao.

Ikiwa mwalimu mzawa, mwenye ajira ya kudumu na chama cha kumtetea, anaogopa kukanya, mgeni ana nguvu kidogo zaidi. Mkataba wake kwa kawaida ni wa mwaka mmoja, na viza yake ya E-2 imefungamana na mwajiri wake. Katika hagwon, mzazi ndiye mteja anayelipa. Korea Kusini haina sheria ya jumla ya kupinga ubaguzi. Mswada wa kwanza uliwasilishwa mwaka 2007, na mingine iliyoufuata imekwama mmoja baada ya mwingine. Katika mazingira hayo, wengi huchagua kutabasamu na kuendelea na somo.

Somo la penseli za rangi

Wapo wanaoamini kwamba mazoea ya namna hii hayabadiliki. Historia ya karibuni ya Korea inaonyesha vinginevyo, na mfano mzuri umo ndani ya mkoba wa mwanafunzi.

Kwa muda mrefu, penseli na krayoni za watoto wa Korea zilikuwa na rangi iliyoitwa salsaek, yaani rangi ya mwili, na rangi hiyo ilikuwa moja tu: ile ya ngozi ya Wakorea walio wengi. Mwaka 2001 wafanyakazi wa kigeni na watetezi wao walipeleka malalamiko mbele ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyokuwa imeundwa mwaka huohuo. Mwaka 2002 tume ilipendekeza jina hilo libadilishwe, na likachaguliwa neno rasmi lenye asili ya Kichina, gumu kwa watoto. Ndipo kundi la watoto lilipolalamika mwaka 2004 kwamba hawalielewi. Mwaka 2005 rangi hiyo ikapewa jina inalotumia mpaka leo: salgusaek, rangi ya aprikoti.

Wageni ndio waliosema kwamba jina liliwaumiza, taasisi ya umma ikawasikiliza, na watoto wakalikamilisha kwa lugha yao wenyewe. Hapakuwa na aliyesema kwamba watoto waliotumia neno la zamani walikuwa wabaya.

Mambo hayakwenda hivyo mwaka 2020. Wanafunzi wa sekondari moja mjini Uijeongbu, inayofahamika kwa picha zake za vichekesho za kuhitimu, walipaka nyuso zao rangi nyeusi wakiwaiga wachukua jeneza wa Ghana waliokuwa wakitamba mtandaoni. Sam Okyere, Mghana aliyepata umaarufu katika televisheni ya Korea, alisema hadharani kwamba kitendo hicho kinawaumiza watu weusi. Wimbi la lawama lilimgeukia yeye. Baada ya siku chache ndiye aliyeomba radhi, ikiwemo kwa kuisambaza picha ya wanafunzi hao bila ridhaa yao. Hoja kuhusu picha ya vijana ilikuwa na msingi. Lakini mazungumzo kuhusu rangi usoni yalifungwa kabla ya kufunguliwa.

Mwanafunzi anayesikiliza

Msikilizaji anaweza kujiuliza jambo hili linamhusu nini. Viza ya kufundisha Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba, na barani Afrika ni Afrika Kusini pekee iliyomo. Mkenya au Mtanzania, hata akiwa na Kiingereza kizuri kiasi gani, hapewi nafasi hiyo. Lakini wazungumzaji wa Kiswahili wapo Korea kwa njia nyingine: kama wanafunzi wa vyuo vikuu, wafanyakazi, wakimbizi, na wahadhiri katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Masomo ya Kigeni, ambako Kiswahili hufundishwa. Wengine ni wazazi.

Hapo ndipo uzito wa suala ulipo. Mwaka 2023 shule za Korea zilikuwa na wanafunzi zaidi ya 180,000 wanaotoka katika familia zinazoitwa za tamaduni mchanganyiko, takriban asilimia 3.5 ya wanafunzi wote, na idadi hiyo imekuwa ikipanda huku idadi ya watoto kwa jumla ikishuka. Mwanamitindo Han Hyun-min, aliyezaliwa Korea kwa mama Mkorea na baba Mnigeria, amesimulia hadharani jinsi alivyodhihakiwa na kutengwa utotoni kwa sababu ya ngozi yake. Hakuwa mgeni, na Kikorea ndiyo lugha aliyokua nayo.

Kwa mtoto kama huyo, swali analoulizwa mwalimu kuhusu nywele au ngozi ni swali linalomhusu yeye pia, na jibu analolisikia humwambia mambo yatakavyokuwa wakati wa mapumziko. Darasa likicheka na mwalimu akanyamaza, amekwisha kujua.

Katika shule za umma, mgeni hafundishi peke yake. Kwa kawaida husimama pamoja na mwalimu mwenza Mkorea, na huyo ndiye mwenye lugha, mamlaka na imani ya wazazi. Sentensi moja kutoka kwake, kwa Kikorea na bila ukali, inaweza kulieleza darasa kwamba swali la udadisi linakaribishwa likiulizwa kwa heshima, kwamba mwili wa mtu haushikwi bila ruhusa, na kwamba si kila linaloonekana lazima litamkwe. Vyombo vya elimu vya mikoa, ambavyo huwapa wageni mafunzo ya kuizoea Korea, vinaweza kuwapa walimu wenza mafunzo ya jambo hili hili. Bila hivyo, mzigo wote wa kuzoea utaendelea kubebwa na upande mmoja.

Mkataba wa mwalimu mgeni ukiisha, anaweza kupanda ndege na kuondoka. Mtoto aliyekuwa akisikiliza bado ana miaka ya kukaa darasani, miongoni mwa wenzake walewale.