Mgonjwa Anapoanguka Wodini



Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea bibi mmoja kutoka upande wa Soga, anaumwa homa ya mapafu. Siku ya nne homa ilikuwa imekwisha, anasubiri kuruhusiwa. Saa kumi usiku akaamka kwenda chooni peke yake, miguu mitupu, gizani. Akaanguka, akavunjika nyonga. Alikuja akitembea, akarudi kwao amebebwa. Tulipomwuliza kwa nini hakuita, alijibu kwamba aliona nesi yuko peke yake, akaona haya kumsumbua.

Jibu lile limenifanya nisome tafiti za wenzetu juu ya jambo hili. Kwa miaka mingi wauguzi katika nchi nyingi wamefundishwa kumpa mgonjwa maksi: amewahi kuanguka? anatembelea fimbo? ana dripu? Kipimo kinachojulikana sana kilitoka Kanada miaka ya 1980. Lakini mwaka 2013 wataalamu wa Uingereza walishauri maksi hizo ziachwe, kwa kuwa hazibashiri vizuri nani ataanguka. Kila mzee wa miaka 65 na zaidi ahesabiwe kuwa hatarini, kisha atazamwe shida yake mwenyewe.

Huko Australia walijaribu mambo sita kwa pamoja katika wodi 24, yakiwemo kibao cha onyo juu ya kitanda, vitanda vifupi na kengele inayolia mgonjwa akiinuka. Matokeo yalitolewa 2016: wagonjwa waliendelea kuanguka vilevile. Nakiri nilifarijika kidogo, maana kengele hizo sisi hatuna.

Utafiti mwingine wa huko huko, uliotolewa 2015, ulikuwa na habari njema. Katika wodi nane za mazoezi, mgonjwa mwenye fahamu nzuri alifundishwa yeye binafsi, kwa utulivu, nini kinaweza kumwangusha na lini aite msaada. Wauguzi nao walielezwa yaliyozungumzwa. Maanguko yalishuka kutoka karibu 14 hadi karibu 8 kwa kila siku 1,000 za kulazwa.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo sisi tungeanzia. Yule bibi hakukosa kengele, alikosa mtu wa kumwambia: "Mama, niite, hunisumbui." Na kwetu mgonjwa ana ndugu. Tunamwachia ndugu kazi ya kuleta uji na kufua, halafu jioni tunamfukuza bila kumweleza kitu. Wenzangu husema ndugu hujaza wodi. Ni kweli, basi abaki mmoja kwa mzee asiyejiweza. Wala hii isiwe sababu ya kuacha muuguzi mmoja na wodi nzima usiku. Ndugu hawezi kujaza nafasi ya muuguzi.

Ndugu huyo aelezwe kwamba dawa za presha, za kukojoza na za usingizi huweza kuleta kizunguzungu. Mgonjwa akae kwanza ukingoni mwa kitanda, asimame akishapata nguvu. Apelekwe chooni kabla ya kulala, asingoje kubanwa.

Nanyi akina mama wa WAWATA mnaokuja kuwaombea wagonjwa, msiondoke kabla ya kuinama kidogo. Tazameni kandambili ziko wapi, fimbo iko wapi, kama kuna maji sakafuni. Mkiyaona, mwiteni nesi.